Diski Imejaa

Mwaka jana nilikuwa Fizi nikirekodi hadithi za Kibembe kwa ajili ya tasnifu yangu. Siku moja kompyuta ikaniandikia kwamba nafasi imejaa. Koko, mama wa mama yangu, alikuwa ameketi mkekani na ameshaanza kusimulia. Nilimwomba asubiri kidogo. Akacheka: "Mjukuu wangu, chombo chako kimeshiba kabla yangu?"

Hesabu ilikuwa rahisi, ila sikuifanya mapema. Sauti isiyobanwa, ya stereo, hezi 48,000 na biti 24, huchukua takriban gigabaiti 1 kwa saa. Diski mpya sikuweza kununua. Pesa iliyobaki ilikuwa ya pikipiki ya kuteremka Baraka. Basi nikakusanya vilivyopo: flashi mbili, kompyuta yangu, na diski kuukuu ya mjomba. Nikafungua daftari na kuandika kila hadithi iko katika chombo gani. Vyombo vinne vikawa ghala moja. Baadaye nilisoma kwamba hata wenye kompyuta kubwa hufanya hivyo: ghala la zamani halivunjwi, huunganishwa na jipya chini ya jina moja, na programu ndiyo inayojua kila faili liko wapi.

Nilijivuna bure. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili, kupanua nafasi na kuweka nakala. Ghala langu lilikuwa kubwa, lakini kila faili lilikuwa mahali pamoja tu. Tena nilikuwa nimeweka sauti kwenye diski ya mjomba na unukuzi wake kwenye flashi. Diski ile ikaanza kugonga-gonga, kisha ikanyamaza. Nikabaki na maandishi ya hadithi sita zisizo na sauti.

Wenzangu wa isimu watanielewa. Kibembe, ambacho Guthrie alikipa namba D54, ni lugha ya toni. Katika unukuzi wangu wa haraka sikutia alama za toni. Nilijiambia nitazitia baadaye, nikisikiliza tena. Sasa hakukuwa na cha kusikiliza. Maneno mawili yanayotofautiana kwa toni pekee yamekuwa neno moja kwenye karatasi, na mimi niliyekulia kwenye Kiswahili cha Baraka siwezi kuapa lipi lilikusudiwa.

Hadithi nne zilikuwa za koko. Alizisimulia upya, ingawa si kwa maneno yale yale. Mbili zilikuwa za mzee jirani, naye alikuwa ameshafariki.

Nilipomweleza koko, hakunigombeza. Alisema walipokimbia vita mwaka 1996 aligawa mbegu zake za maharagwe: nyingine alizifunga kiunoni, nyingine alimwachia wifi yake aliyekataa kuondoka. Kisha akanikumbusha kwamba binti wa yule mzee yuko Nyarugusu, kambini, upande wa Tanzania, na kwamba alipenda kumrekodi baba yake kwa simu. Nikamwandikia. Baada ya wiki mbili ikanifikia hadithi moja kati ya zile mbili. Sauti imebanwa na jogoo anawika katikati, lakini toni zinasikika.

Hapo nikaona kwamba nilihesabu vyombo nikasahau watu. Wabembe wametawanyika pande zote mbili za ziwa na mbali zaidi, na wengi wana sauti za wazee wao kwenye simu. Hayo nayo ni maghala yaliyopo tayari, yanayokosa daftari moja tu la kuyaunganisha.

Msiba huu si wa wanafunzi maskini peke yao. Tarehe 2 Septemba 2018 Jumba la Makumbusho la Taifa la Brazili, Rio de Janeiro, liliungua, na rekodi za lugha za wenyeji zikateketea humo. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 1999 mradi wa LOCKSS wa Chuo Kikuu cha Stanford umejengwa juu ya wazo kwamba nakala nyingi, katika mikono mingi, ndizo zinazohifadhi.

Leo ghala langu lina vyombo vitano, kikiwemo diski mpya, na kanuni chache. Sauti na unukuzi wake havitenganishwi. Kila hadithi ina nakala katika vyombo viwili au zaidi, kimoja kikiwa nje ya Fizi. Daftari lenyewe lina nakala. Na hakuna sauti inayotumwa popote kabla msimulizi, au jamaa zake, hajakubali.

Katika kitivo chetu, kila anayerudi kutoka uwandani ana diski yake kwenye droo. Tukiandika orodha moja tu ya vilivyomo, na kila mmoja akamtunzia mwenzake nakala, hatutahitaji kusubiri mfadhili ili tuanze.

Hadithi ya sita ya daftari langu bado haina sauti. Nimeihifadhi hivyo hivyo, na juu yake nimeandika: toni hazijulikani.