Nyuki Walipohama Wamaza

Zamani huku kwetu Wamaza, mashariki mwa Kongo, nyuki alijulikana kwa mambo mawili tu: asali na kuuma. Asali ilikuwa kazi ya wanaume. Mjomba na wenzake walitoka jioni na mienge ya majani makavu na kamba za kupandia miti, wakarudi usiku na ndoo zao, nyuso zimevimba. Mti usiopandika uliangushwa. Moto uliunguza kila kitu kilichobaki ndani ya shimo la mti, masega ya asali pamoja na yale yenye watoto wa nyuki, na asubuhi nyuki waliosalia walikuwa wakizunguka juu ya majivu.

Bibi hakuwa na habari na asali hiyo. Nyuki wake walikuwa wale wa nyuma ya nyumba, alikopanda mahindi, maboga, bamia, lengalenga na matembele bila mistari. Mvua zikikaribia kwisha, mwezi wa nne kuelekea wa tano, alitukataza kukatiza kwenye maboga asubuhi.

"Wajukuu zangu, waacheni wafanye kazi. Mtapita jua likipanda."

Kwa kuwa tulikatazwa kupita, tulikaa tukatazama. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya saa sita. Yapo madume, yenye unga ndani, na yapo majike, yenye kiboga kichanga chini ya ua. Unga huo ni mzito na unanata, upepo hauwezi kuubeba. Nyuki akizama kwenye dume hutoka amepakaa njano mgongo mzima, na akiingia kwa jike kutafuta utamu huacha sehemu ya unga humo. Jike lisilotembelewa asubuhi hiyo, kiboga chake hunyauka na kuanguka.

Lakini mzigo wa kubeba miguuni nyuki waliupata zaidi kwenye mahindi. Umande ukikauka walipanda kwenye maua ya juu, wakakusanya chavua, yaani unga wa maua, wakailowesha kwa utamu kidogo na kuishindilia kwenye miguu ya nyuma mpaka ikawa vidonge viwili vya njano iliyofifia. Hicho ndicho chakula cha watoto wao. Asali humpa nyuki mkubwa nguvu ya kuruka, ila mtoto wa nyuki hakui bila chavua. Na mahindi hayamhitaji nyuki hata kidogo, upepo unayatosha. Nyuki alikula kwa mahindi, akafanya kazi kwa maboga. Ndiyo maana mchanganyiko wa bibi, ambao majirani waliuita uvivu wa kupanga mistari, ulikuwa na akili.

Vita vya 1998 vikaja. Tulikimbilia porini, tukarudi, tukakimbia tena. Mtu asiyejua kama atakuwepo wakati wa mavuno hapandi mahindi, yanayoonekana kwa mbali na kuchumwa na wenye bunduki. Hupanda muhogo, unaoweza kungoja chini ya udongo mpaka mwenyewe arudi. Amani ilipokuja, paseli nyingi, yaani viwanja vyetu, zilikuwa muhogo mtupu, na vijana waliopaswa kulima walikuwa wamekwenda kuchimba dhahabu upande wa Namoya. Bibi alikuwa ameshafariki. Mama alipanda mbegu za maboga, zikachanua vizuri sana, kisha viboga vikaanguka kimoja baada ya kingine. Uani hapakuwa na mvumo wowote.

Nyuki wa Afrika ni mwepesi wa kuhama. Chakula kikipungua, au moto ukimfuata mara kwa mara, kundi zima huacha masega na kwenda mbali. Kwetu yote mawili yalikuwa yametokea. Mama mkubwa ndiye aliyeokoa mavuno: alfajiri alichuma ua dume, akamenya majani yake ya njano, akausugua unga wake ndani ya jike. Yale aliyoyasugua yakashika.

Baada ya hapo wanawake walianza kurudisha mchanganyiko. Mahindi yakarudi kando ya maboga, na lengalenga chache zikaachwa zichanue badala ya kuchumwa zote. Kiangazi kulikuwa na maua ya miembe, na michikichi haikosi chavua kwa muda mrefu. Nyuki wakarudi kidogo kidogo. Mpwa wangu alitundika gogo lililotobolewa kwenye mwembe. Huvuna kwa moshi bila miali, hukata masega ya asali peke yake, na yale ya watoto huyaacha.

Mjomba, mzee sasa, humcheka: asali ya gogo moja haijazi hata ndoo. Ni kweli, na ndoo zake za zamani tulizifurahia sote. Ila ndoo ile ilikuwa ya usiku mmoja na ya nyumba ya mvunaji. Maboga ya mama hupikwa hata na jirani asiyewahi kuonja asali yetu, na nyuki wa gogo lile hawaulizi paseli ni ya nani. Hilo mjomba bado halikubali, ingawa boga halimpiti.