Miaka Yangu na Mvinyo Mwekundu wa Ugiriki

Kazi yangu Thessaloniki ilianzia jikoni mwa mkahawa, kwenye sinki la kuoshea glasi. Baadaye nilipandishwa kuhudumia meza, na hatimaye nikakabidhiwa funguo za ghala la mvinyo. Nimekulia Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, hivyo mzabibu niliujua. Nilichokikuta Ugiriki ni wingi wa aina zake.

Kabla ya kununua mvinyo wa msimu, mwenye mkahawa alituita wahudumu wote tuonje. Chupa zilifungwa karatasi na kupewa namba. Tulitazama rangi, tukanusa, tukasukutua kinywani, tukatema ndooni, ndipo kila mtu akaandika maoni yake. Cabernet Sauvignon ilijitambulisha mapema kwa rangi nzito na harufu ya matunda meusi. Merlot ilipita ulimini kwa ulaini. Xinomavro, zabibu ya kienyeji, ndiyo iliyotugawa. Rangi yake ni hafifu, na ikikaa miaka kadhaa hugeuka ya matofali pembezoni mwa glasi. Inanukia nyanya zilizoanikwa juani na zeituni. Uchachu wake ni mkali, na ukakasi wake hushika ufizi kama bibo.

"Iletee nyama kwanza," mwenye mkahawa alisema, akaagiza mwanakondoo aliyeokwa polepole. Mafuta ya nyama yaliutuliza ukakasi, uchachu ukausafisha ulimi, na tonge lililofuata likawa tamu kuliko la kwanza. Tangu siku hiyo sikuonja tena Xinomavro bila chakula mezani.

Xinomavro ya Naoussa hulimwa kwenye miteremko ya mlima Vermio, huko Makedonia ya Ugiriki. Jina la Naoussa linalindwa kisheria tangu 1971, na mvinyo mwekundu unaolibeba hutengenezwa kwa Xinomavro tupu. Nemea, huko Peloponnese, ina ulinzi kama huo kwa Agiorgitiko, zabibu laini yenye harufu ya cheri. Hiyo ndiyo niliyowamiminia wageni waliokuwa wanaanza kuvijua vinywaji vya Ugiriki.

Zabibu za kigeni nazo zina heshima yake. Mwanasiasa Evangelos Averoff alipanda Cabernet Sauvignon kwenye milima ya Metsovo, na shamba la Porto Carras, Chalkidiki, lilishauriwa na Émile Peynaud, bingwa kutoka Bordeaux. Wapo pia wanaochanganya Xinomavro na Merlot au Syrah, na mchanganyiko huo huunyanyua mvinyo ukiwa bado mchanga. Lakini Cabernet nzuri mgeni ataipata Ufaransa, Chile au Australia. Aliyefika Makedonia ya Ugiriki anastahili kuonjeshwa kilichozaliwa pale.

Kwa hiyo orodha ya mvinyo ilipofika mikononi mwangu, niliipanga upya. Zabibu za kienyeji zilikaa ukurasa wa kwanza, za kigeni wa pili, na kando ya kila Xinomavro niliandika mwaka wa mavuno na chakula kinachoifaa. Mgeni akiniuliza upi ulio bora, nilimuuliza kwanza atakula nini.