Kupanda Kitonga kwa Gari Linalochelewa Kuitika

Baada ya Mikumi, barabara kuu iendayo Iringa huingia katika bonde lenye joto, ambamo mibuyu imesimama pande zote mbili mithili ya wazee waliokaa barazani. Pale Ruaha Mbuyuni wasafiri hushuka kununua vitunguu, watoto hunyoosha miguu, na wenye kuswali hutafuta maji ya udhu. Kisha huja Mahenge, na mbele yake ardhi inasimama kama ukuta. Huo ndio mlima Kitonga.

Barabara hiyo ndiyo njia ya malori yaendayo Zambia na Kongo. Mlimani hujikunja kona baada ya kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori lenye shehena hupanda polepole mno, na nyuma yake hujipanga mabasi na magari ya familia. Hapo ndipo subira ya dereva inapopimwa, na gari lake pia.

Magari mengi ya familia ya siku hizi, hasa yale marefu yaliyoinuka kutoka ardhini, yana injini ndogo inayosaidiwa na turbo. Wazo hilo ni la zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka. Turbo ikichangamka huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Lakini turbo haina nguvu yake yenyewe. Huishi kwa moshi. Injini inapozunguka taratibu nyuma ya lori, moshi ni haba na turbo imelala. Dereva akikanyaga mafuta ghafla, gari husita kwanza, kisha huruka kwa nguvu. Katika gari la otomatiki, kusita huko huongezewa muda wa gia kubadilika.

Sekunde mbili si kitu mjini. Kitonga ni jambo jingine. Gari linalopanda kwa kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde. Basi linaloteremka kwa kilomita 60 hukata karibu 17. Katika sekunde mbili za kusubiri turbo iamke, magari hayo yamekaribiana kwa mita 55 hivi, na lori bado liko ubavuni.

Kimo nacho kina sehemu yake. Iringa iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Turbo hufidia upungufu huo, lakini baada ya kuamka tu. Ikiwa imelala, injini ndogo hubaki na udogo wake, tena katika hewa pungufu, na gari limejaa watu na mizigo.

Dawa ni kuiamsha kabla ya kuihitaji. Dereva na abaki nyuma, aache nafasi ya kutosha kati yake na lori, aone mbele vizuri. Ashushe gia mapema. Mwenye otomatiki ahamie kwenye gia za kuchagua kwa mkono. Katika magari mengi ya dizeli, mshale wa mizunguko ya injini ukikaribia 2,000, turbo huwa macho. Akanyage mafuta kwa kuongeza kidogo kidogo, na atoke tu pale sheria inaporuhusu na njia i wazi. Pakiwa na kona au mstari usiokatika, turbo ya aina yoyote haihalalishi kupita.

Kusita kukizidi kuliko zamani, fundi atazame chujio la hewa, mipira inayopitisha hewa na mafuta ya injini. Na mkifika Ilula, penye matenga ya nyanya kando ya njia, msizime injini papo hapo. Iacheni ingurume dakika moja au mbili, kwani mafuta yanayopita ndiyo yanayoipoza turbo iliyotoka kufanya kazi ngumu.

Tunaposoma dua ya safari, tunamkabidhi Allah safari yetu. Kulijua gari letu ni sehemu ya kutunza amana ya mke, watoto na wazazi waliokaa nyuma yetu. Lori lililo mbele litafika juu kwa mwendo wake, nasi nyuma yake tutafika, Inshaallah.