Usiibembeleze Injini Iliyosukwa Upya

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba injini ya Datsun 240Z yako imerudi garini ikiwa na pistoni, ringi na kamshafti mpya. Najua unavyolienzi gari hilo, ndugu wa yale yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mapenzi hayo yatakushawishi kuibembeleza injini. Nakusihi usifanye hivyo, kwa kuwa injini iliyosukwa upya huharibiwa na upole usio na kipimo kama inavyoharibiwa na fujo.

Sababu iko kwenye ringi. Fundi aliyechonga silinda ameacha kwa makusudi mikwaruzo myembamba inayopishana, ili ishike oili na kuzisugua ringi mpaka zikae sawasawa na ukuta. Lakini ringi haijikandamizi ukutani kwa nguvu yake pekee. Msukumo mkubwa hutoka kwa gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake. Ukigusa mafuta kidogo tu, au ukiiacha injini ingurume gari likiwa limesimama, gesi hiyo huwa dhaifu. Ringi huteleza bila kukaa, oili huungua ukutani na kuacha utando mgumu unaong'aa. Hapo gari litakula oili na kutoa moshi wa bluu, na dawa yake mara nyingi ni kuifungua injini tena. Mikwaruzo hulainika mapema, hivyo saa za mwanzo ndizo zinazoamua.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe injini kwa starta mpaka geji ionyeshe presha ya oili. Ikiwaka, ipandishe papo hapo na uichezeshe kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, kwa ajili ya kamshafti mpya inayosuguana na roka zake. Joto likizidi au presha ikishuka, zima. Kisha mwaga oili hiyo, maana imebeba unga wa chuma, na ubadilishe filta. Ukiingia barabarani na injini imeshapata joto, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kwa nguvu kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, halafu achia mguu bila kutoa gia. Kukanyaga huzibana ringi; kuachia huvuta oili juu ya silinda. Rudia mara kadhaa.

Utaambiwa kwamba wazee waliendesha polepole kwa kilomita 1,000. Wana hoja: joto la msuguano ni la kweli, na mwendo mmoja wa kasi kwa muda mrefu ni hatari. Ila hoja hiyo inadai tupunguze mizunguko, haidai tuondoe mzigo. Usivuke mizunguko 4,000 mwanzoni, lakini ipe injini kazi. Wengine watasema magari ya leo hayahitaji haya yote. Mengi ya leo yana roka zenye rola na silinda zilizolainishwa kwa ustadi wa kiwandani. Injini yako haina rola, na imesukwa kwa mkono. Watakaokusifia oili ya sintetiki ya bei ghali, wajibu kwamba zamu yake itafika ringi zikishakaa. Kwa sasa tumia oili ya madini yenye zinki ya kutosha kulinda kamshafti.

Ukifikisha kilomita 800, badilisha oili tena na upime nafasi za valvu injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Safari ndefu ianze baada ya hapo.

Mjomba wako akupendaye.