Takwimu za Uhalifu: Nani Anahesabiwa?

Jeshi la Polisi kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa za hali ya uhalifu nchini. Makosa hupangwa katika mafungu: makosa dhidi ya binadamu, makosa ya kuwania mali, na makosa dhidi ya maadili ya jamii. Mimi huzitumia taarifa hizo kufundishia, na kila nizifunguapo hujiuliza: je, majirani zangu wa Ilomba wamo humu?

Swali hili lina sababu. Kata yetu iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na pilikapilika zake hazilali. Mama muuza mboga akikwapuliwa simu na kijana aliyepakiwa kwenye bodaboda, hitaji lake la kwanza si kumkamata mwizi, bali ni kurudisha laini yake, kwa kuwa ndani ya laini hiyo ndimo ulimo mtaji wake na namba za wateja. Kwa hiyo hutafuta ripoti ya upotevu, huilipia ada ndogo, na shauri huishia hapo. Kwa kumbukumbu za nchi, mama huyu hakuibiwa, alipoteza. Jirani yangu mmoja aliyepatwa na mkasa huo nilimwuliza kwa nini hakufungua jalada la wizi. Akanijibu: "Mwalimu, nikamshitaki nani? Na nikishinda kituoni, gengeni atakaa nani?"

Jibu hilo lina uzito wa kitaaluma. Mbelgiji Adolphe Quetelet, mmoja wa waasisi wa takwimu za uhalifu katika karne ya 19, alitambua kwamba makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya makosa yanayotendeka. Hata hivyo alidhani uwiano kati ya sehemu hizo mbili karibu haubadiliki, hivyo kilichoandikwa kingeweza kutupa picha ya kisichoandikwa. Uzoefu wetu unapinga dhana hiyo. Polisi walipoanzisha Madawati ya Jinsia na Watoto, walifungua mlango kwa watu ambao awali walinyamaza. Mahali ambapo dawati linafanya kazi vizuri, kesi za ukatili zinaweza kuongezeka vitabuni hata kama ukatili wenyewe haujaongezeka. Kinyume chake, mtaa ambao wananchi wamekata tamaa na kituo unaweza kuonekana shwari kabisa kwenye jedwali. Ofisa anayepimwa kwa kupungua kwa tarakimu peke yake atajifunza upesi kwamba njia rahisi ya kupunguza uhalifu ni kutouandika.

Nayasema haya kwa kuwa tumeingia zama ambazo teknolojia inatajwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 2019 tulianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Tulipanga foleni, tukaweka vidole, tukaamini kuwa matapeli sasa wamekwisha. Hata leo ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unatufikia. Usajili umesaidia, maana namba ya tapeli sasa inaweza kufuatiliwa, lakini laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi wa kijijini asiyejua lolote humfikisha mpelelezi kwa bibi, si kwa tapeli.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Hizi ni taarifa muhimu, na kuchapishwa kwake ni jambo la kupongezwa. Swali ni matumizi yake. Zikitumiwa kuuliza ni mawakala gani waliosajili laini hizo na kwa vitambulisho vya nani, zitatusaidia. Zikitumiwa kumtazama kila kijana wa Sumbawanga kama mshukiwa, zitazaa dhuluma.

Wenzetu wamekwishapita huko. Polisi wa Los Angeles walitumia kwa miaka kadhaa programu ya PredPol, iliyotabiri mahali pa uhalifu kwa kusoma kumbukumbu za zamani, na mwaka 2020 wakaiacha. Wakosoaji walionya kwamba panapopelekwa askari wengi huandikwa makosa mengi, na makosa hayo huiambia programu ipeleke askari palepale. Mwaka huohuo, polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams mbele ya familia yake kwa sababu kompyuta ilifananisha sura yake na ya mwizi wa saa. Hakuwa yeye.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema. Lakini kuzuia na kupeleleza uhalifu ni miongoni mwa mambo yaliyopewa misamaha, na hapo ndipo mwananchi anapohitaji zaidi mtu wa kumuuliza mwenye mamlaka: umechukua nini, kwa sababu gani, utakaa nacho hadi lini?

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, tufanye mara kwa mara utafiti wa kaya unaowauliza watu moja kwa moja walichofanyiwa, waliripoti au hawakuripoti, na kwa nini. Pili, takwimu zishuke hadi ngazi ya kata bila kutaja majina, ili Polisi Kata na wenyeviti wa mitaa wazijadili na wananchi mikutanoni. Tatu, kabla ya kununua kamera, tuhakikishe kituo kina karatasi, mafuta ya gari, na askari mwenye muda wa kumsikiliza mlalamikaji.

Gharama ya kupuuza haya tunaijua. Mtu asiyeamini kwamba malalamiko yake yataandikwa ndiye anayebeba jiwe mtaani anapopigwa yowe la mwizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiorodhesha mauaji hayo ya "wananchi wenye hasira kali" mwaka hadi mwaka. Hakuna kamera itakayomwondolea mtu huyo jiwe mkononi. Karani wa kituo anayeandika "ameibiwa" pale mama anaposema ameibiwa anaweza.