Moto wa Vijiti Viwili Kando ya Ziwa Eyasi

Msafiri atokaye Arusha kuelekea magharibi hufuata barabara ya lami hadi Karatu, mwendo upatao kilometa 140. Hapo huiacha njia ya Ngorongoro na kuteremka kwa barabara ya vumbi mpaka Mang'ola, penye mashamba ya vitunguu. Mbele yake Ziwa Eyasi limelala, jeupe kwa chumvi wakati wa kiangazi, na kandokando yake ni miiba na mibuyu. Hiyo ndiyo nchi ya Wahadzabe, watu 1,000 na ushee, ambao baadhi yao hata leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Mwanamume wa Kihadzabe aondokapo kambini hachukui chakula. Huchukua upinde, mishale, kisu, shoka, na vijiti viwili. Watu wa kale wa pwani walikuwa na majina ya vijiti kama hivyo: ulindi, ambao ni kijiti chembamba kilichonyooka, na uwimbombo, kipande cha mti laini chenye vishimo.

Uwimbombo hukanyagwa kwa mguu juu ya bapa la kisu. Ulindi husimamishwa katika kishimo, ukapekechwa kwa viganja viwili. Mikono huteremka yenyewe kwa kule kukandamiza, na ifikapo chini hurudishwa juu upesi, kwani kazi ikisita joto hupotea. Wakiwa wawili hupokezana. Unga mweusi hudondoka kisuni, ukatoa moshi, kisha ukaiva mwekundu. Hapo humiminwa katika nyasi kavu zilizofikichwa, nazo hupulizwa taratibu. Mgeni ajaribuye huambulia malengelenge.

Faida yake huonekana chini ya mbuyu. Ndege mlembe huita, mrinaji hujibu kwa mluzi, wakafuatana hadi kwenye mzinga. Mrinaji hugongomea vigingi katika shina na kukwea, mkononi ana kijinga kifukacho moshi. Bila moshi, nyuki humkuta juu, mikono yote ikiwa kazini, na kuanguka kutoka huko si jambo la mchezo. (Mlembe hupenda nta, lakini mara nyingine Wahadzabe huificha au kuichoma, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza!)

Viberiti vimekwisha kufika Mang'ola, na wengi huvitumia. Lakini askari aliyewahi kulala porini na kibiriti kilicholowa anajua maana ya usiku ule. Kichwa cha njiti kikishayeyuka hakirudi. Kijiti kilicholowa huanikwa juani, kesho kikafanya kazi. Na kikivunjika, kingine hukatwa, mradi miti ipo. Malisho na mashamba vimeila sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, na humo miti ya ulindi ingali inakatwa, ikachongwa, ikabebwa pamoja na mishale.