Kiungo

Neno kiungo lina makazi matatu katika Kiswahili. Liko mwilini, pale mfupa unapokutana na mfupa. Liko jikoni, ambako iliki, mdalasini na bizari huitwa viungo kwa sababu mchuzi huungwa kwavyo. Na liko uwanjani, ambako kiungo ni mchezaji wa katikati, apokeaye mpira kutoka kwa walinzi na kuufikisha kwa washambuliaji. Mchuzi ukikolea husifiwa samaki na mpishi, iliki haitajwi. Goti halikumbukwi mpaka liume.

Mwanakwerekwe nayo ni kiungo cha Unguja. Hapo ndipo mjini na shamba hukutana. Pana soko, pana skuli, pana makaburi, na pana barabara zinazogawana watu wa Fuoni na wa Kusini. Uwanja wa Amaan hauko mbali. Mwenye kutaka kujua hali ya mpira wa miguu visiwani asianze na vitabu. Na asikilize kwanza mabishano ya hapo baada ya sala ya alasiri. Na katika miaka ya karibuni, jina moja limebishaniwa kuliko mengi: Hemed Suleiman, ambaye watu humwita kwa lakabu yake ya Morocco.

Huyu ni mwalimu wa mpira aliyezunguka. Alifundisha Coastal Union ya Tanga. Akashuka kusini kwa Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, klabu ambayo mwaka 2021 ilicheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Akapanda Kanda ya Ziwa kwa Geita Gold. Ukiitazama ramani, hiyo ni njia ya msafiri asiyejengewa nyumba popote: kaskazini, kusini, magharibi, na katikati ya safari hizo kurudi kwao kuifundisha Zanzibar Heroes.

Kurudi huko kuna kisa. Mwezi Machi mwaka 2017, Shirikisho la Soka la Afrika liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Furaha haikumaliza miezi mitano. Mwezi Julai uanachama ule ukafutwa. Mlango ulifunguliwa, mgeni akavua viatu, kisha akaambiwa hakualikwa. Mwezi Disemba mwaka huo huo, Morocco aliwapeleka vijana wake Kenya kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA. Waliifunga Rwanda 3-1, wakaifunga Tanzania Bara 2-1, na katika nusu fainali wakaitoa Uganda, bingwa mtetezi, kwa 2-1. Fainali ya Machakos, tarehe 17 Disemba, ilikwisha 2-2, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Hawakurudi na kombe. Walirudi na jawabu.

Katika kikosi kile walikuwamo viungo wawili: Feisal Salum na Mudathir Yahya. Majina hayo yafaa kuwekwa akiba, kwani yatarudi.

Mwezi Januari 2024 Morocco alikuwa msaidizi wa Adel Amrouche katika Taifa Stars, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kodivaa. Mechi ya kwanza, Tanzania ilifungwa 3-0 na Moroko. Amrouche akafungiwa kwa maneno aliyoyasema juu ya nchi hiyo, na msaidizi akaachiwa timu akiwa kaimu. Neno kaimu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni mwenye kusimama: asimamaye mahali pa mwingine. Morocco alisimama. Timu ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ukaimu ule ukarefuka. Taifa Stars ilianza safari ya kufuzu kwa fainali za 2025. Tarehe 10 Septemba 2024, mjini Yamoussoukro, Guinea ilitangulia kufunga. Feisal akasawazisha, na dakika za mwisho Mudathir akafunga la ushindi. Vijana wawili wa visiwani, viungo wote wawili, walimjibia mwalimu wao wa Machakos. Tarehe 19 Novemba, jijini Dar es Salaam, bao pekee la Simon Msuva dhidi ya Guinea likaipa Tanzania tiketi. Safari mbili zilizotangulia, ya 2019 na ya 2023, nchi ilifika huko ikiwa na walimu wa kigeni, Emmanuel Amunike na kisha Amrouche. Safari hii aliyeshika usukani alikuwa mwana wa nyumbani.

Na mahali pa fainali zenyewe? Moroko. Hapo wapenda mashairi wa Mwanakwerekwe walipata kina na mizani bila ya kuvitafuta: Morocco anakwenda Moroko.

Kabla ya hapo palikuwa na mengine. Januari 2025 aliiongoza Zanzibar kutwaa Kombe la Mapinduzi katika uwanja wa Gombani, Pemba, kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Agosti mwaka huo, katika mashindano ya CHAN, Tanzania iliongoza kundi lake bila ya kufungwa, ikatolewa robo fainali kwa bao moja. Aliyeitoa ni Moroko.

Kisha mambo yakageuka, na yaligeukia nyumbani. Tarehe 9 Septemba 2025 Taifa Stars ilifungwa 1-0 na Niger katika uwanja wa Amaan. Tarehe 8 Oktoba, uwanja ule ule, ikafungwa 1-0 na Zambia. Mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia, mbele ya jirani na jamaa. Tarehe 4 Novemba shirikisho likatangaza kuwa limeachana naye kwa makubaliano, na timu akapewa Miguel Gamondi, raia wa Argentina. Fainali zilikuwa hazijatimiza wiki saba.

Wapo waliosema kuwa ni dhuluma: mwenye kulima ndiye anyimwaye mavuno. Wapo waliojibu kuwa mpira hauna shukurani na haujapata kuwa nayo, na kwamba Amaan ilikwisha kutoa hukumu. Kila upande una haki yake. Gamondi naye hakuharibu. Chini yake Tanzania ilipata sare na Uganda na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tarehe 4 Januari 2026, mjini Rabat, ikafungwa 1-0 na wenyeji. Moroko, kwa mara nyingine.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ni ya ukarimu, na mgeni wa Argentina aliitimiza. Lakini methali haisemi kuwa mwenyeji alikuwa amelala. Kabla ya Rabat palikuwa na Yamoussoukro. Kabla ya Yamoussoukro palikuwa na Machakos. Na kabla ya hapo palikuwa na Tanga, mechi za jioni na mishahara ya klabu ndogo. Kumbukumbu za mashindano huandika jina la aliyekuwapo siku ya mwisho. Hilo si kosa la mwandishi wa kumbukumbu, ndivyo daftari lilivyopigwa mistari. Yaliyobaki nje ya mistari ni kazi ya watu kuyakumbuka, na watu wa visiwa, ambao timu yao yenyewe haina kiti katika daftari la dunia, wanaijua kazi hiyo kuliko wengi.